Mmenizika Wapi?

Juzi nilikuwa Lodwar, nimekaa zangu kwenye kibanda cha chai karibu na stendi ya magari ya Kakuma, mwenzangu akanisukumia simu yake. "Hebu ona askofu wenu alivyotoka." Nikaona. Amesimama jukwaani kwenye sherehe ya utamaduni, suti nyeusi, kola nyeupe, na juu ya suti amevalishwa shanga za Kiturkana kutoka kidevuni mpaka mabegani. Nyekundu, manjano, buluu, zimepangwa kwa ufundi. Anacheka. Anashika kipaza sauti na kuwaambia wageni kwamba utamaduni wetu ni zawadi ya Mungu, na anayeudharau amemdharau aliyeutoa. Watu wakampigia makofi na vigelegele juu.

Chai ilinipalia. Haki ya Mungu, nilikohoa mpaka mwenye kibanda akaja kunipiga mgongoni, akidhani ni tangawizi. Nilitaka kuirusha ile simu barabarani, ila haikuwa yangu.

Nyinyi mliokulia Kakuma wakati mmoja na mimi mnaikumbuka siku ya pipa. Nimewasikia mkiisimulia kwenye harusi na hata matangani, mnacheka. Oh, mama fulani alikimbia. Oh, mama fulani alificha shanga zake ndani ya sufuria ya maharagwe. Chekeni tu. Nyumbani kwetu hakuna aliyecheka, na kwa kuwa askofu ameamua kupendeza, leo nitasema.

Mama yangu alikuwa akisikika kabla ya kuonekana. Alikuwa akipeleka kuni kambini kwa wakimbizi na kurudi na unga na mafuta, na jioni nikiwa nacheza nje ya boma nilimsikia kwanza shingoni: cha, cha, cha, shanga zikigongana kila anapokanyaga. Zilimjaa shingo yote. Chini yake, karibu na mabega, palikuwa na pete ya chuma tunayoiita alagama, ile ambayo baba alimvisha siku ya kumwoa. Kila asubuhi alizipaka mafuta ya mbuzi yaliyochanganywa na udongo mwekundu. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya mama kwangu. Nilipolala mgongoni pake nililala ndani ya harufu hiyo, na mpaka leo mtu akichoma nyama yenye mafuta mengi karibu nami, natafuta mgongo wa kuegemea.

Jambo moja kila mtoto wa kwetu alilijua bila kufundishwa, kama anavyojua moto unaunguza. Mwanamke ambaye mumewe yuko hai, shingo yake haikai tupu. Mume akifa, wanawake wa ukoo wake huja, humkalisha chini, humvua shanga moja baada ya nyingine, na hapo ndipo kilio huanza. Ukikutana na shingo tupu, unajua. Huulizi.

Baba alikuwa mbali na mifugo, upande wa mpaka wa Uganda, na alikuja nyumbani kwa misimu. Watu wote walimwita kwa jina la fahali wake mwekundu, Apaloreng. Mama pia alimwita hivyo, na alipolitaja jina hilo sauti yake ilibadilika kidogo.

Huyu askofu wakati huo hakuwa askofu. Tulimwita Mtumishi. Na msidhani aliletwa kutoka mbali. Ni mtoto wa huku huku, wa Lokitaung, alibebwa mgongoni na mama mwenye shanga kama sisi wote. Alikwenda kusoma Biblia huko Kitale akarudi na pikipiki na kanisa la mabati. Na sitadanganya kwa sababu nina hasira: alitenda mema. Ndugu yangu mdogo aliposhikwa na homa akaanza kukakamaa, ni Mtumishi aliyembeba kwa pikipiki yake, mama nyuma amemkumbatia mtoto, mpaka hospitali ya misheni. Mtoto akapona. Tangu siku hiyo neno la Mtumishi kwa mama likawa halina mjadala. Akimwambia funga, anafunga. Alipomwambia acha kumwita mumeo kwa jina la ng'ombe, huo ni upagani, akaacha. Akawa anasema "baba ya watoto" kama mtu anayezungumzia jirani.

Jumapili ile ya pipa, Mtumishi alihubiri mpaka shati likamganda mgongoni. Alisema shanga ni mnyororo wa shetani, na kwamba mvua imekataa kunyesha kwa sababu ya shingo za wanawake wa Kakuma. Alisema kazi ya kondoo si kumuuliza mchungaji njia hii inakwenda wapi. Nje walikuwa wameweka pipa lililokatwa nusu, kuni ndani, mafuta ya taa tayari. Wanawake wakaanza kupanga foleni. Shanga nyingine zilikuwa zimeshonwa shingoni na kukaa hapo kwa miaka, hazivuki kichwa, ikabidi zikatwe kwa kisu. Zilimwagika mchangani na sisi watoto tukakimbilia kuokota, wazee wa kanisa wakatuchapa mikono.

Mama Ekal, jirani yetu, shoga wa mama tangu usichana, alifika mbele ya pipa akasimama. Akasema kwa sauti, "Kwani Mungu gani hiyo inaogopa shanga?"

"Mama, usimjaribu Bwana," Mtumishi akamwambia.

"Simjaribu. Nimemwomba Mungu asubuhi hii nikiwa nazo, hakunitema. Akinitaka anichukue na shingo yangu. Asiponitaka, basi."

Akageuka akaenda. Alitengwa kanisani papo hapo, kwa maombi, mbele ya watu. Mnajua alifanya nini? Kila Jumapili alikuja, akasimama nje ya ukuta wa mabati, na kuimba tenzi kwa sauti kubwa kuliko kwaya nzima. Mtumishi alihubiri akishindana naye.

Mama yangu hakusimama. Alipiga magoti na kuinamisha kichwa, mzee wa kanisa akakata. Alagama ilikataa kufunguka, wakaleta koleo. Halafu zikatupwa zote motoni. Mafuta ya mbuzi yalipoanza kuungua harufu ikatanda uwanja mzima, na mimi nikalia kwa sababu ilikuwa harufu ya mama na ilikuwa inatoka ndani ya pipa. Shanga zikapasuka pa, pa, pa. Watu wakaimba haleluya.

Nilipomtazama mama usoni sikumjua. Shingo yake ilikuwa nyembamba, imepauka, kama ya kuku aliyenyonyolewa. Nikaelewa papo hapo. Baba amekufa.

Nani angenieleza vingine? Shingo tupu ni shingo tupu. Nilimuuliza njiani, "Toto, amekufa lini?" Sisi mama tunamwita toto, na baba apa.

"Nani amekufa?"

"Apa."

"Hakuna aliyekufa. Nyamaza." Akanivuta mkono.

Sikuamini. Watu wazima huwaficha watoto habari za kifo, hilo nalo nilikuwa nalijua. Basi nikamlilia baba peke yangu. Nilikuwa nikienda kuchota maji kwenye mto wa Tarach, ambao kwa kawaida ni mchanga mtupu, tunachimba visima humo humo. Nikishaingia kisimani, chini ambako hakuna anayeniona, nilimlilia. Nilikuwa nimeshazoea kuwa yatima siku ile baba alipotokea.

Ilikuwa jua kali la mchana. Natoka kisimani na jerikeni, nainua macho, namwona baba anakuja na mbuzi na ng'ombe kadhaa, kigoda chake mkononi, fimbo begani. Nilitupa jerikeni nikakimbia nikipiga mayowe. Nasikia nyuma yangu, "Akiru! We Akiru! Kwani nimekuwa fisi?" Anacheka. Wee! Nilizidi mbio.

Tukafika bomani kwa kufuatana, mimi nikihema, yeye akicheka. Mama akatoka ndani aone ni nini.

Baba aliacha kucheka. Alimtazama shingoni, akatazama chini, akamtazama tena. Hakuingia. Aliweka kigoda chake nje ya uzio, kama mgeni, akakaa.

"Mmenizika wapi?" akauliza.

Mama akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Nauliza tu. Nionyesheni kaburi, nikaone kama mmenipangia mawe vizuri."

"Nimeokoka," mama akasema. "Mtumishi ametuambia tuvue. Sio wewe. Ni shanga tu."

"Shanga tu." Baba alilirudia neno hilo polepole. "Nimepita kwa watu njiani, hawanisalimu, wananiangalia tu. Nikashangaa. Kumbe wamekuona wewe. Sasa mimi ni maiti inayotembea na mbuzi. Akiru amenikimbia, mtoto wangu. Yeye ndiye mwenye akili hapa, ameona jambo akalielewa."

Nakumbuka nilivyosimama pale, nikigundua kwamba sikukosea. Nilikuwa nimesoma shingo ya mama sawasawa. Waliokosea ni wakubwa, na walikosea wakiimba.

Mama akajaribu kueleza habari za kondoo na mchungaji. Baba akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nimechunga tangu nikiwa mdogo kuliko huyu. Kondoo akigoma kunywa maji, mchungaji anayaonja yeye kwanza. Mara nyingine kondoo ndiye anajua. Huyo mtu wenu anayejiita mchungaji, amechunga nini?"

Akainuka. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hiyo iliniogopesha kuliko kama angepiga kelele. "Nawapeleka wanyama kisimani. Watakunywa, hiyo ni kazi ya mchana wote. Wakimaliza nikute kitu shingoni mwako. Sidai zile za zamani. Kamba moja tu, hata ya katani. Nikiikuta, naingia nyumbani kwangu. Nisipoikuta, basi mimi ni marehemu, na marehemu hana boma."

Kamba moja. Ndani palikuwa na kamba tele za kufungia kuni. Mama angeweza kunyoosha mkono tu. Lakini alinishika mimi, akafunga kanga, tukaenda kwa Mtumishi. Alikwenda kuomba ruhusa.

Tulimkuta akiosha pikipiki yake. Mama alisimama mbele yake mikono nyuma, akaeleza yote, akasema mumewe hadai shanga, kamba tu, ya katani. "Unajua maana yake kwetu, Mtumishi. Wewe ni mtoto wa huku."

Mimi nilikuwa nimemtazama usoni. Watoto wanatazama watu usoni kwa sababu wako chini. Hakufikiri hata kidogo.

"Najua maana yake," akasema. "Ndiyo sababu nikasema mvue. Mume asiyeokoka mbele za Mungu ni kama amekufa. Ukifunga hiyo kamba umemchagua maiti ukamwacha aliye hai. Utaniambia nini mtoto akiugua tena?"

Akaendelea kuosha tairi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, wenzangu, na ndipo ilipo tangu siku hiyo. Angekuwa mgeni asiyejua mila ningemsamehe. Ujinga unasameheka. Yeye alijua. Alichukua lugha aliyofundishwa na mama yake, akaitumia kuwazika wanaume walio hai. Na lile la mtoto! Mtu amemwokoa mwanao, halafu anamshika mwanao huyo huyo kama fimbo. Wakati ule sikuwa na neno la kumwita. Sasa ninayo mengi, ila mama amenikataza kutukana.

Tukirudi tulipitia mtoni, na ng'ombe wa mwisho walikuwa bado wamezamisha vichwa kwenye hori. Baba alimwona mama kutoka mbali na nikaona macho yake yanatafuta shingoni. Mama Ekal alikuwa pale anachota maji. Habari zilikuwa zimeshamfikia, Kakuma hakuna siri. Aliacha ndoo yake, akavua uzi mmoja wa shanga kutoka shingoni mwake mwenyewe, akampelekea mama.

"Vaa," akamwambia. "Vaa tu, shoga yangu. Utatubu kesho."

Mama hakunyoosha mkono.

"Moyo wako unakuambia nini? Usiniambie ya Mtumishi. Wako wewe."

"Moyo unadanganya," mama akasema. Hilo nalo alifundishwa. Machozi yalikuwa yanamtoka huku anasema, na moyo wake, maskini, ulikuwa unapiga kelele mpaka mimi niliyeshika mkono wake niliusikia kwenye kiganja.

Uzi ule ukabaki unaning'inia mkononi mwa Mama Ekal. Baba aliokota kigoda chake. Akapiga mluzi, wanyama wakainua vichwa na kumfuata. Nilitaka kumkimbilia, safari hii si kumkimbia, mama akanibana kwa nguvu mpaka bega likauma. Baba hakugeuka. Alipanda ukingo wa mto, vumbi likamfunika pamoja na ng'ombe wake.

Hakurudi. Alikuwa akituma mbuzi mara moja moja kwa mkono wa watu, mbuzi wa watoto, alisema, si wa mjane. Halafu mwaka mmoja gari la kutoka Lokichoggio likamshusha kijana wa ukoo wake, na kijana yule alikuja moja kwa moja kwetu bila kusalimu. Homa, alisema. Walimzika huko huko.

Wanawake wa ukoo walikuja kama desturi ilivyo. Walikuja kumkalisha mama chini na kumvua shanga. Waliingia, wakamtazama, wakatazamana. Hakukuwa na kitu cha kuvua. Mkubwa wao akasema, "Huyu alishamaliza zamani," wakaondoka hata maji hawakunywa. Mtumishi naye alikuwa amekataza kuwalilia wasiookoka. Kwa hiyo mama hakulia. Jumapili alikaa benchi la mbele, Mtumishi akamsimamisha mbele ya kanisa zima, akasema, mtazameni mama huyu, huu ndio utii. Wakampigia makofi. Makofi yale yale niliyoyasikia juzi kwenye simu.

Basi nilipomaliza kukohoa chai yangu nilimwomba mwenzangu anitumie ile video, nikapanda gari siku hiyo hiyo mpaka Kakuma. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilitaka mama akasirike. Nilitaka aende akasimame mbele ya hilo jukwaa na kumvua yule mtu shanga kwa koleo.

Nilimkuta amekaa mlangoni anachagua maharagwe. Ni mzee sasa, na bado huenda kanisa lile lile. "Ejoka, toto," nikamsalimu. Nikampa simu. Aliisogeza karibu na macho, akatazama mpaka mwisho, akaniambia nirudie. Nikarudia. Askofu akacheka tena, akasema tena zawadi ya Mungu.

"Kumbe iliruhusiwa," mama akasema.

Basi. Alirudi kwenye maharagwe. Mimi ndiye niliyesimama nikafoka, nikamwita askofu mnafiki na mwizi na mengine, nikapiga teke debe la maji. Mama aliniacha nifoke mpaka nikachoka. Kisha akasema, "Mwite Mama Ekal. Mwambie aje na shanga. Nitazivaa, halafu nitazivua."

"Kwa nini uzivue tena?"

"Akiru, wewe ni mtu mzima. Kwa nini mwanamke anavua shanga?"

Mama Ekal alikuja na za kwake, shingo nzima, ametembea na fimbo. Hakuuliza swali. Alimpaka mama mafuta na udongo mwekundu, akamvisha. Mama akazivaa mchana kutwa. Alikwenda nazo sokoni, akapita nazo mbele ya kanisa la mabati polepole, cha, cha, cha, na vijana waliokuwa wakifagia uwanja wakasimamisha fagio. Mimi nilitembea nyuma yake nikinusa.

Jua lilipoanza kupoa Mama Ekal akamkalisha chini, nje ya uzio, pale pale baba alipoweka kigoda chake. Akaanza kuvua. Uzi mmoja, mwingine, mwingine, akiziweka kwenye mapaja yangu, za moto bado kwa mwili wa mama. Alipoutoa uzi wa mwisho, mama alishika shingo yake kwa mikono miwili, akafungua mdomo na kupiga ukelele ambao sikujua kwamba anao. Majirani wakatoka.

"Apaloreng!" alilia. "Apaloreng! Apaloreng!"